Mengine Umeyapeleka Wapi?

Wiki iliyopita pale hosteli tuligombana kuhusu mdahalo wa wagombea urais wa serikali yetu ya wanafunzi. Tulikuwa watu sita chumbani, na kila mtu ana uhakika nani kafunika na nani kafunikwa. Nikauliza swali la kijinga: hivi nani hapa aliusikiliza mwanzo mpaka mwisho? Kimya. Wote tulikuwa tumeona vipande vya sekunde thelathini kwenye magrupu ya WhatsApp, na mimi nikiwemo. Nikamkumbuka bibi yangu wa Bweranyange.

Kwa usiyepajua, Bweranyange iko Karagwe, mkoa wa Kagera. Ndipo ilipokuwa ikulu ya Rumanyika, mfalme aliyewapokea Speke na Grant mwaka 1861. Speke mwenyewe aliandika kwamba mfalme alimsalimu kwa Kiswahili kizuri. Uganda iko ng'ambo ya mto Kagera, na Kinyambo chetu na Kinyankole chao ni ndugu. Mtu wa Mbarara akiongea lugha yake, bibi anamwelewa bila kuuliza. Kwa hiyo kwetu siasa za Uganda haziitwi habari za nje. Redio zao tunasikiliza, na shangazi zetu wengine wameolewa huko.

Februari 2016 nilikuwa kidato cha tatu, shule binafsi ya bweni. Elimu bure ilikuwa imeanza Januari ile kwenye shule za serikali, lakini mimi haikunihusu. Nilikuwa nimerudishwa nyumbani kufuata ada, na mwenye ada alikuwa mjomba.

Uganda walikuwa wanapiga kura tarehe 18. Mdahalo wa kwanza, mwezi Januari, Museveni hakutokea. Wa pili ulifanyika Jumamosi tarehe 13 Februari, Kampala, na safari hii akaja. Wagombea walikuwa wanane, lakini wazee wetu walikuwa na hamu na watatu, maana waliwaona kama watu wa jirani: Museveni wa Ankole, Besigye wa Rukungiri aliyekuwa daktari wake enzi za msituni, na Mbabazi wa Kanungu aliyekuwa waziri mkuu wake. Halafu sisi tulikuwa tumetoka kwenye uchaguzi wa Oktoba 2015, ambao Magufuli na Lowassa hawakukaa kwenye mdahalo mmoja hata siku moja. Kumwona rais aliyeko madarakani tangu 1986 anaulizwa maswali mbele ya wapinzani wake ilikuwa sinema ya bure.

Mjomba alikuwa na TV ya sola na ungo. Sebule ikajaa, wengine wakabaki dirishani. Shida ikawa Kiingereza. Mjomba akaniita mbele ya watu wote: "Msomi, njoo hapa utufafanulie."

Sasa elewa hali yangu. Mjomba alikuwa mtu wa Museveni wa kufa mtu. Alikuwa anasema, "Huyu amesoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, huyu ni wa kwetu." Na mimi ada yangu iko mfukoni mwake.

Nikaanza vizuri. Baadaye nikaona kwamba zamu ya Museveni ikifika na mimi nikiongeza kachumvi, mjomba anacheka na sebule nzima inacheka naye. Zamu ya Besigye nafupisha. Mbabazi ndiyo kabisa. Na kuna jambo jingine la aibu zaidi: nusu ya kile Kiingereza sikukielewa. Mahali nisipoelewa, nilitunga. Sikutunga uongo mkubwa. Nilitunga maneno ya kawaida ya wanasiasa, kwamba anasema ataleta barabara, ataleta dawa hospitalini. Nani angenijua?

Bibi alikuwa amekaa kwenye mkeka karibu na mlango, anatafuna kahawa zake. Kiingereza hajui hata neno. Wenzake walikuwa wanawapima wagombea kwa namna wanavyosimama na wanavyomtazama anayeuliza. Yeye alikuwa ananitazama mimi. Besigye alipomaliza kujibu swali moja, nikasema, "Anasema yeye atafanya vizuri zaidi." Bibi akanyoosha mkono.

"Mjukuu wangu, huyu mtu ameongea mpaka nimemaliza kahawa tatu. Wewe umesema maneno matano. Mengine umeyapeleka wapi?"

Watu walicheka, lakini si kile kicheko cha mwanzo. Nilimwangalia mjomba. Hakuniangalia. Akasema tu, macho yake yako kwenye TV, "Sema yote."

"Mengine sijaelewa, mjomba."

Mzee mmoja dirishani akadakia, "Ada yote ile!"

Natamani ningeweza kukuambia mjomba alicheka. Hakucheka. Akamwita jirani mmoja aliyewahi kufanya kazi Mbarara akae pembeni yangu, tusaidiane. Kuanzia hapo tafsiri ikawa ya taratibu, na mara nyingi nikawa nasema "hapa sijashika". Ajabu ni kwamba sebule ilichangamka zaidi. Mwanzoni walikuwa wanacheka pale mjomba anapocheka. Sasa wakaanza kubishana wao kwa wao, mpaka mama mmoja akamwambia mjomba usoni kwamba mtu wake swali hilo amelikwepa. Nadhani hata yeye hakuwahi kumjibu mjomba hivyo kabla.

Museveni alishinda kwa zaidi ya asilimia 60, na mjomba hakubadilisha timu. Ada yangu ilichelewa wiki moja zaidi, ikalipwa. Mpaka leo sijui kama ile wiki ilikuwa adhabu au hela ilikuwa haijapatikana, na sijathubutu kuuliza.

Ninachojua ni kwamba wale vijana wanaokata video za mdahalo wetu nawafahamu vizuri, kwa sababu nimewahi kuwa wao. Kila mmoja ana mjomba wake: mgombea aliyemwahidi nafasi kwenye baraza lake, au marafiki anaotaka wamcheke mpinzani. Na sisi watazamaji tunapenda kukatiwa, maana kusikiliza saa mbili kunachosha na bando ni ghali. Mwaka 2022 Raila aligoma kwenda kwenye mdahalo, Ruto akasimama peke yake Nairobi tarehe 26 Julai, na bado niliona watu wanatangaziana mshindi.

Kura zetu bado hazijapigwa. Juzi nimekopa bando kwa jirani yangu wa chumba, nikautazama mdahalo wote. Mgombea wangu, yule niliyekuwa namtetea kwa sauti kubwa pale hosteli, kuna swali la pesa za chama aliulizwa mara mbili. Kwenye vipande tulivyotumiwa halimo.