Safari ya Karatu na Ngorongoro: Mkanda wa Tumbo Haufanyi Kazi Peke Yake

Barabara ya kutoka Arusha hadi Karatu ina urefu wa karibu kilomita 150, na chakula hakikosekani njiani. Ukifika Mto wa Mbu utaletewa ndizi nyekundu hadi dirishani. Kisha gari hupanda ukuta wa Bonde la Ufa, Ziwa Manyara likibaki chini kama shuka la fedha, na mara unaingia katika udongo mwekundu wa Rhotia na Karatu, nchi ya ngano, maharage na mbaazi.

Tulikwenda akina mama tisa wa usharika mmoja, mwezi wa Agosti, wakati wa baridi kali. Mwenzetu mmoja alikuwa amefanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito nje ya nchi miaka miwili kabla. Ameniruhusu niandike habari zake bila kumtaja jina, kwa kuwa wako akina mama wengi wanaoulizia tiba hii wakidhani ukishalipa gharama kazi imekwisha.

Mkanda wenyewe ni pete laini ya silikoni. Daktari huifunga sehemu ya juu ya tumbo ili kibaki kifuko kidogo tu cha kupokea chakula. Hukazwa au kulegezwa kwa maji ya chumvi yanayopitishwa kwa sindano chini ya ngozi. Siku hizi madaktari wengi duniani hupendelea kupunguza tumbo lenyewe kuliko kufunga mkanda. Hapa nchini, Hospitali ya Mloganzila ilianza mwaka 2022 kuweka puto tumboni, ambalo huondolewa baada ya miezi kadhaa. Njia ni mbalimbali, lakini zote zinafanana kwa jambo moja: zinakusaidia kushiba upesi, hazikuchagulii chakula.

Mwenzetu alilijua hilo kwa gharama. Mwaka wa kwanza alipungua kilo 20. Mwaka wa pili kilo 8 zikarudi. Ugali ulikuwa unamkwama, lakini soda, juisi, aiskrimu na chai ya maziwa yenye sukari vilipita bila kizuizi. Mkanda haujui tofauti ya maji na soda. Anayejua ni mwenye mkono unaoshika bilauri.

Pale Karatu tulikaribishwa katika nyumba ya familia ya Kiiraqw. Tuliandaliwa ugali, mlenda, kuku na maziwa mgando. Mama mwenye nyumba alimtazama mwenzetu kwa huruma, akasema, "Ongeza, mama, hujala kitu. Au unaumwa?" Hapo ndipo penye mtihani. Kwetu sisi unene wa mama huhesabiwa kuwa sifa ya mume anayetunza, na mama aliyekonda hunong'onewa kuwa ana maradhi. Mwenzetu alijibu kwa upole, "Ahsante sana, mama. Mkono wako ni mtamu, nami nimeshiba kweli. Naomba unifundishe huu mlenda." Mwenyeji alifurahi, wakaingia jikoni pamoja. Heshima ya mwenyeji haiko katika sahani ya pili tu.

Siku ya pili tulitelemka Mang'ola, karibu na Ziwa Eyasi, kunakolimwa vitunguu vinavyosifika nchi nzima. Ndiyo nchi ya Wahadza, wanaoishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi, kuchuma matunda na kurina asali. Mwaka 2012 watafiti wakiongozwa na Herman Pontzer walichapisha matokeo ya kushangaza. Wanaume wa Kihadza hutembea karibu kilomita 11 kwa siku, na wanawake karibu kilomita 6. Hata hivyo, ukizingatia ukubwa wa miili yao, nguvu wanayotumia kwa siku haikutofautiana sana na ya watu wa Marekani na Ulaya.

Je, tuache kutembea? La hasha! Kutembea hulinda moyo, husaidia kushusha sukari na shinikizo la damu, na huhifadhi misuli wakati mwili unapungua. Lakini tusijidanganye kwamba matembezi ya jioni yatafuta chapati tatu za asubuhi. Uzito huamuliwa zaidi mezani.

Siku ya tatu tuliingia Ngorongoro. Kreta ile ina kina cha mita 600 hivi, na sakafu yake ni karibu kilomita za mraba 260. Tuliona nyumbu, simba na faru mmoja kwa mbali. Lakini utalii wa namna ile ni wa kuketi garini tangu alfajiri, na kila mtu hupewa boksi la chakula. Pale kwenye chemchemi ya Ngoitokitok, viboko wakikoroma majini, mwenzetu alifungua lake. Alikula yai na nusu ya paja la kuku, akitafuna polepole. Keki na juisi akaziacha. Maji alikunywa baadaye, si pamoja na chakula. Hakuna aliyemlazimisha, wala daktari hakuwapo.

Dada yangu, kama umefanyiwa tiba hii au unaifikiria, shika haya. Anza na nyama, samaki, mayai au maharage, kisha mboga, wanga mwisho. Tafuna sana, na uache unapoanza kushiba. Kunywa vitamini ulizoandikiwa, na usikose kliniki. Ukitapika mfululizo au ukiumwa tumbo sana, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Usibebe mimba kabla ya mwaka mmoja hadi mwaka na nusu kupita. Panga na mumeo na mshauri wa uzazi. Tena usipikiwe chungu chako peke yako: mlo unaokufaa wewe unawafaa baba na watoto pia.

Kiasi, ambacho Mtume Paulo anakihesabu katika tunda la Roho, hakishonwi na daktari. Mwenzetu amekwisha kuzipunguza tena kilo 5 kati ya zile 8. Anasema hizo 5 anazithamini kuliko 20 za kwanza, maana hizi amezipunguza kwa mkono wake mwenyewe.