Enzi za Kusafisha Picha

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, familia nyingi za Tanga hazikuwa na kamera nyumbani. Kupigwa picha kulikuwa safari ya mjini. Siku ya Idi mosi, au mtoto alipomaliza darasa la saba, watu walioga, wakajipaka mafuta, wakavaa nguo zilizonyooshwa kwa pasi ya mkaa, kisha wakaongozana hadi studio. Mwandishi wa kumbukumbu hii alikulia huko, na kinachomjia haraka kuliko hata picha zenyewe ni kiti cha studio: kirefu, kisicho na mgongo, kinachozungushwa kikapanda au kushuka ili kichwa cha mtoto kilingane na cha dada yake. Mpiga picha alikuja, akamshika kidevu kwa vidole viwili, akakigeuza kidogo kuelekea dirishani, akarudi nyuma ya kamera na kusema, "Usipepese." Picha ilipigwa moja. Aliyefumba macho ndiyo kashafumba, na kila mgeni atakayekaribishwa sebuleni kwao atamwona hivyo hivyo.

Studio za namna hiyo zina historia ndefu pwani yetu. Zanzibar, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, na mwanawe Rohit akaja kuirithi. Nyuso zilizopita mbele ya kamera zao ni za Unguja ya masultani na ya baada ya Mapinduzi ya 1964. Lamu alikuwako Omar Said Bakor, aliyejifunza kazi hii mwenyewe. Alikata sura za watu kwa mkasi na kuziunganisha na picha za vitu vingine miongo kadhaa kabla kompyuta haijaanza kufanya ujanja huo. Mombasa, karibu na feri ya Likoni, palikuwa na vibanda vya wapiga picha vilivyopambwa kwa mapazia ya kuchorwa: ndege, meli, maghorofa, maua makubwa kuliko vichwa vya watu. Kijana aliyetoka bara kutafuta kibarua bandarini alisimama mbele ya ndege ya rangi, akavuta kola, akapigwa, akaituma picha kwao.

Wapo waliowacheka vijana wale, na hawakuwatendea haki. Hakuna aliyedhani ndege ile ni ya kweli. Aliyeituma na aliyeipokea wote walijua kwamba ni pazia, na walijua pia kwamba ndivyo kijana anavyosema, "Mama, ndiko ninakotaka kufika." Ni wapiga picha wachache wa leo wanaoweza kueleza matumaini ya mtu waziwazi kiasi hicho.

Kisha kamera zikaanza kuingia majumbani, mara nyingi mikononi mwa mjomba aliyefanya kazi melini au shangazi aliyerudi kutoka masomoni Ulaya. Zilikuwa kamera ndogo za plastiki zenye flashi, na chakula chake kilikuwa filamu ya picha 24 au 36. Hapo ndipo hesabu zilipoanza. Filamu ililiwa kwa kipimo kama mchele wa mwisho wa mwezi: mbili za bibi, moja ya mtoto mchanga, moja ya watu wote mlangoni, zilizobaki zingoje harusi ya mwezi ujao. Kila mtu alijua kanuni: jua liwe mgongoni mwa mpigaji, walengwa wasogee pamoja, na asiyehusika atoke. Mwenye mkono mwepesi wa kupachika filamu aliweza kupata picha ya 37, na hiyo ilionekana ni riziki ya bure. Ole wake mtoto aliyefungua mgongo wa kamera kabla filamu haijarudishwa kwenye kopo lake. Mwanga ukiingia, Idi nzima imekwenda.

Filamu ikijaa, ilipelekwa "kusafishwa". Picha za rangi zilipitia mashine ya dukani, lakini studio za zamani zilizopiga nyeusi na nyeupe bado zilikuwa na chumba cha giza. Aliyebahatika kuingizwa humo haisahau shughuli yake. Ndani kuna taa nyekundu tu, kwa sababu karatasi ya picha hiyo haiathiriwi na mwanga mwekundu. Mashine inamulika negativu juu ya karatasi kwa sekunde chache, na karatasi inabaki nyeupe tupu, kama vile hakuna kilichotokea. Inatoswa kwenye beseni la dawa. Fundi anainua ukingo wa beseni na kuushusha polepole, dawa inatembea juu ya karatasi, na sura zinaanza kujitokeza, nywele na mboni za macho zikitangulia kwa kuwa ni nyeusi zaidi. Kisha beseni la pili la kuisimamisha dawa, la tatu la kuigandisha picha isifutike, maji mengi, na hatimaye kamba na vibanio. Mwandishi amewahi kuona kompyuta na simu za kila aina tangu siku hiyo, na bado hajaona chombo kilichompa mshangao kama beseni lile.

Kusubiri kulikuwa nusu ya raha. Mtu alikwenda dukani na kirisiti chake, akapewa bahasha yenye picha upande mmoja na negativu upande mwingine, na ni wachache walioweza kufika nayo nyumbani bila kuifungua. Ndani yake palikuwa na miezi minne au mitano ya maisha ya familia katika mkanda mmoja: Idi, harusi, msiba, mtoto akiota meno. Nyumbani watu waliketi mkekani, picha zikapita mkono kwa mkono, na kila moja ikavuta hadithi yake. "Huyu ndiye yule aliyehamia Korogwe?" "Huyo siye, ni mdogo wake." Picha moja iliweza kuzaa saa nzima ya mazungumzo.

Na ziligeuzwa. Mgongo wa picha ulikuwa na maandishi ya kalamu ya wino: jina, mji, mwaka, na mara nyingi maneno ya "ukumbusho mwema" kutoka kwa rafiki anayehama. Kwa mtoto aliyekuwa anajifunza kusoma, migongo hiyo ilikuwa kitabu. Mwandishi alizijua hati za mkono za ukoo wake kabla ya kuwajua wenyewe. Alijua kwamba babu mdogo alikunja mkia wa herufi "g" na kwamba mama yake mkubwa alianza kila jina la mahali kwa herufi ndogo.

Kusoma na picha vilikuwa ndugu hata nje ya albamu. Wazazi wa kizazi hicho walikuwa wamelelewa na majarida ya hadithi za picha. Mwishoni mwa miaka ya 1960, African Film la kampuni ya Drum lilimfanya mpelelezi Lance Spearman ajulikane Nairobi na Dar es Salaam kama jirani wa mtaani, ingawa aliongea Kiingereza. Faraji Katalambula, mwandishi wa Simu ya Kifo, naye akachapisha Film Tanzania, lenye visa vilivyoigizwa, vikapigwa picha, na kupewa maneno ya Kiswahili. Nakala moja ilisomwa na mtaa mzima hadi jalada likatoka. Baadaye zikaja katuni za jarida la Sani na wahusika wake akina Ndumilakuwili, na gazeti la jana lililofungia karanga, ambalo wengi walilisoma wakitafuna, wakikunjua kila kona kuona kama habari inaendelea. Habari ilikatika pale pale ilipokolea, na msomaji akajimalizia mwenyewe.

Safari nazo zilikuwa na kurasa zake. Shule za Tanga ziliwapeleka wanafunzi Mapango ya Amboni, yapata kilomita nane kaskazini mwa mji, ndani ya mwamba wa chokaa uliochimbwa na maji. Mwongozaji alimulika tochi, akaonyesha maumbo ya mawe, popo wakapita juu ya vichwa. Mwalimu mwenye kamera alipiga kwa flashi, na picha zilipotoka zilionyesha nyuso tatu za mbele na giza totoro nyuma yake, kwa sababu flashi ndogo hufika mita chache tu. Pango halikuonekana. Hata hivyo picha hizo zilihifadhiwa, kwa kuwa aliyekuwepo alilijaza giza lile kwa aliyoyaona.

Safari kubwa zaidi ilikuwa ya basi kwenda Iringa. Baada ya Morogoro, barabara kuu inapita katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa 1964, kwa takriban kilomita 50. Hakuna aliyelipa kiingilio. Dereva alipunguza mwendo, kondakta akanyamaza, na abiria wote wakahamia upande mmoja. Pundamilia, swala, twiga watatu wakila miiba kana kwamba basi halipo. Mtu mmoja alipoita "tembo hao!", hata waliolala tangu Chalinze waliamka. Aliyekuwa na kamera alipata nyasi zilizovutika na kitu cha kijivu kando; basi lilikuwa linakwenda, na kioo kina vumbi. Abiria wa treni ya TAZARA, inayopita pori lililoitwa Selous na ambalo sehemu yake ni Hifadhi ya Nyerere tangu 2019, wana hadithi kama hizo. Kwa Watanzania wengi, dirisha la chombo cha usafiri ndilo lililowafungulia mbuga, na wengine hawajawahi kuingia kwa njia nyingine hadi leo.

Mageuzi ya kamera yalikuwa yameanza mbali, kimya kimya. Mwaka 1975 mhandisi wa Kodak, Steve Sasson, alitengeneza kamera isiyotumia filamu. Ilichukua sekunde 23 kuandika picha moja isiyo na rangi kwenye kaseti. Kampuni hiyo hiyo iliyouza filamu dunia nzima iliomba ulinzi wa mufilisi Januari 2012. Kati ya miaka hiyo miwili, studio za miji yetu zilibadilika moja baada ya nyingine: mashine ya kusafisha ikaondoka, mashine ya kurudufu ikaingia, na wateja wakabaki wale wa picha za pasipoti.

Katikati ya mabadiliko hayo kulikuwa na kipindi kifupi cha raha ya pekee. Mwaka 2005 Muhidin Issa Michuzi, mpiga picha wa Daily News, alianzisha blogu akiwa Helsinki, akisaidiwa na Ndesanjo Macha, mmoja wa waliotangulia kublogu kwa Kiswahili. Watanzania waliokuwa Reading, Houston au Muscat walifungua kila asubuhi kuona foleni ya Magomeni, harusi ya fulani, mvua imeleta nini Jangwani. Chini ya picha walibishana: duka lile lilikuwa upande huu au ule wa barabara? Wa nyumbani walilipia intaneti kwa saa kwenye mikahawa ya mtandao, wakingoja picha ishuke mstari kwa mstari. Kebo ya SEACOM ilipofika Dar es Salaam na Mombasa Julai 2009, mwendo ukawa mwingine. Yale mabishano yalikuwa mkeka ule ule wa nyumbani, umetandikwa upya kwa walio mbali.

Sasa simu iko kila mfuko. Basi likiingia Mikumi, mikono yote inanyanyuka dirishani, na tembo anatoka akiwa na mkonga wake na masikio yake, bila nyasi zilizovutika. Hilo ni jambo jema, na anayeuonea wivu umaskini wa filamu ya picha 36 amesahau watoto waliokua bila picha hata moja. Bibi wa Pangani anamwona kilembwe wake wa Mwanza siku aliyozaliwa. Hata kwenye mahafali wapo vijana wanaopiga, wanakimbia kuchapisha, wanarudi kabla pilau halijapoa na kuzitandaza picha chini ya mwembe ili kila mzazi atafute ya mwanawe. Wazazi wanainama, wanazitafuta, wanalipa, wanazibeba. Kazi hiyo ingali hai.

Kilichopungua ni ule mgongo wa picha. Simu ikiibwa au ikitumbukia majini, mambo ya miaka mitatu yanapotea kwa mkupuo, na hata ikibaki salama, picha elfu tano zisizo na majina zitamsaidia nini mjukuu? Kwa hiyo, msomaji, mwaka huu chagua kumi. Zipeleke steshenari zikachapishwe. Nyuma yake andika kwa penseli laini, bila kukandamiza, ni nani, ni wapi na ni mwaka gani. Usizibandike kwenye kioo cha fremu moja kwa moja, kwani unyevu wa pwani huzigandisha, na uziweke mbali na jua. Anza na picha za wazee, na uanze sasa, wakiwa bado wanaweza kukutajia majina ya wote waliosimama nao.