Njia ya Unyamwezini inapita Ihanja

Msomaji wangu, wiki hii tuachane kidogo na viwanja vya Dar. Mshikaji wangu alinialika kwao Ihanja, Wilaya ya Ikungi, mkoani Singida. Kutoka Dar mpaka Singida ni kilomita karibu 700, na ukishaiacha lami ndipo unapojua safari ni nini. Vumbi mpaka kwenye kope! Lakini macho yanalipwa: majabali makubwa kama yamepangwa na mtu, alizeti za njano mpaka uchoke kutazama, na kuku wa kienyeji wanaotembea kwa maringo, maana wanajua Dar nzima inawatafuta.

Mie nilikuwa nimepigilia pamba yangu ya mtumba, fulana yenye bendera ya Marekani kifuani. Jioni tukakaa uani na babu yake mshikaji. Nikampa shikamoo, akaitikia, akaikazia macho ile fulana.

"Nguo ya wapi hiyo, mjukuu wangu?"

"Ya Unyamwezini, babu. Binamu yangu anaishi huko, na mie mwakani namfuata."

"Unyamwezini? Si hapo tu Tabora! Ya nini kungoja mwakani? Panda gari kesho."

Tulicheka mpaka mshikaji akamwaga uji. Ikabidi nimweleze babu kwamba sisi vijana wa mjini tukisema Unyamwezini tunamaanisha Marekani. Akatikisa kichwa. Akasema Wanyamwezi aliosimuliwa na wazee wake walikuwa wakibeba pembe za ndovu kwa miguu mpaka Bagamoyo.

"Huyo binamu yako naye anabeba nini?"

Hapo nikaishiwa maneno. Binamu anabeba boksi, tena zamu ya usiku. Picha anazotuma ni za gari na theluji, lakini akipiga simu ndipo unapousikia ukweli. Ana miaka minane huko, na bado akiingia dukani mlinzi anamfuata nyuma.

Nikajitetea. Nikasema Marekani ndiyo nchi iliyotangaza, tarehe 4 Julai 1776, kwamba watu wote wameumbwa sawa.

"Wote?" babu akauliza.

Jamani, ningemdanganyaje mzee wa watu? Thomas Jefferson, mwandishi mkuu wa tamko lile, alimiliki watumwa zaidi ya 600 maishani mwake. Utumwa ulipigwa marufuku nchi nzima mwaka 1865, na hata baada ya hapo watu walipigwa virungu, wengine wakauawa, ndipo ikaja sheria ya 1965 ya kulinda kura ya mtu mweusi.

"Kumbe ni karatasi tu, babu," nikasema, nikidhani nimefunga hoja.

Babu hakukubali. Akanikumbusha kwamba na sisi tulikuwa na karatasi yetu, Azimio la Arusha la 1967, nayo ilisema binadamu wote ni sawa. Kisha mwaka 1973 ikaja amri kwamba kufikia mwisho wa 1976 kila mtu wa shamba awe anaishi kijijini, na wapo waliohamishwa kwa nguvu. Yeye aliacha tembe aliyoijenga kwa mikono yake. Aliahidiwa shule na maji.

"Shule nikaiona, wanangu wamesoma. Maji nikayangoja mpaka nikazeeka."

Akaingia ndani, akatoka na kijikaratasi kilichokunjwa mara nne. Kuna mnunuzi alichukua magunia yake sita ya alizeti, akaandika kwamba atalipa, akayeyuka.

"Na hii nayo ni karatasi tu?"

"Kakudhulumu, babu."

"Kanidhulumu, ndiyo. Lakini nikiitupa nitakuwa nimemsamehe. Siku akionekana mnadani nitamwonyesha mwandiko wake mwenyewe."

Nikamkumbuka Martin Luther King pale Washington, tarehe 28 Agosti 1963. Naye alizifananisha zile ahadi za Marekani na hundi waliyopewa watu weusi, wakaipeleka benki ikarudishwa, ati pesa hazitoshi. Hakusema ichanwe. Alisema wamekuja kudai. Babu wa Ihanja hajapata kuisikia hotuba hiyo, lakini wangekutana wangeelewana bila mkalimani.

Usije ukadhani nimeghairi safari, msomaji wangu. Majuu bado nakutamani. Ila sasa najua siendi kuokota dhahabu barabarani. Nakwenda mahali ambako nako watu wameshika hundi mkononi, wanadai. Halafu nikajiuliza: mtu anayeogopa kudai maji kijijini kwao, ugenini atathubutu kudai nini?

Ile fulana nilimwachia babu. Asubuhi naondoka, nikamkuta kaivaa anatoa ng'ombe zizini, bendera ya watu inawaka kifuani.

"Wakiniuliza," akasema, "nitawaambia nimeletewa kutoka Tabora."