Jino Liumapo

Ogden Nash, mshairi wa Marekani aliyezaliwa mwaka 1902 na kufa mwaka 1971, ana shairi la mzaha juu ya daktari wa meno. Jina lake ni ile faraja apewayo mgonjwa kabla ya kutiwa chombo kinywani: kwamba itauma kidogo tu.

Mwanafunzi wa Kiswahili alisomapo mara ya kwanza huona guni. Mstari mmoja mfupi, wa pili mrefu kama kamba ya nanga, na kina chaja kimechelewa. Aliyelelewa na mizani 16 huwa tayari kumhukumu mtunzi. Lakini kosa lile limekusudiwa. Msomaji hungoja kina kwa wasiwasi uleule wa mgonjwa aisikiaye keekee ikikaribia.

Kamusi humsaidia, ila si sana. Kwa Kiingereza, neno lihusulo akili na neno lihusulo meno hupishana kwa herufi ya kwanza tu, na juu ya herufi hiyo Nash alijenga mzaha kwamba kiti cha daktari hutesa mwili na roho kwa pamoja. Likifasiriwa, wazo hubaki na kicheko hufa. Mzaha ulioelezwa chini ya ukurasa ni jino lililokwisha kung'olewa: ni lilelile, lakini halitafuni.

Mfasiri mwenye subira hutazama nyumbani. Kiswahili kina meno na maneno. Nayo maneno ya daktari huanza kazi kabla ya chombo. Tena kina kitenzi kuuma. Mbwa huuma, kidonda huuma. Jino huuma kwa maana zote mbili, na siku liumapo kwa maana ya kidonda haliwezi kuuma kwa maana ya mbwa. Basi jina la shairi, likiisha kuvaa Kiswahili, lapata utani ambao Nash hakuwa nao. Wako watakaosema huko ni kumsingizia mtunzi. Hoja hiyo ina uzito katika sheria na dini; katika mzaha haina, kwani tafsiri isiyochekesha imekwisha kumnyang'anya mtunzi kila kitu.

Karibu na mwisho mgonjwa asimama akidhani yamekwisha, naye daktari amwambia arudi baada ya miezi mitatu. Hapo Nash alipinda tahajia ya neno la miezi ili kina kikubali. Waliozoea inkisari na mazida hawahitaji kuelezwa. Wao hucheka kwanza.