Neno Moja, Nyumba Nyingi

Watoto wapenzi, neno moja la Kingereza liliniaibisha siku ya furaha kubwa. Neno lenyewe ni college.

Kwetu Kongo collège ni masomo ya sekondari; tulilipokea neno hilo kwa Wabeleji. Nilipomaliza huko, kabla ya kuingia seminari kubwa, padri mgeni kutoka Marekani alifika misioni. Nikamwambia kwa Kingereza changu kidogo kwamba nimemaliza college. Basi Jumapili, baada ya Misa, akanisimamisha mbele ya wakristu wote, akanisifu kuwa nimekwisha kupata masomo makuu. Maana kule Marekani college huja baada ya sekondari, na miaka yake kwa kawaida ni 4. Katekista akatafsiri. Baba yangu akasimama, akapiga makofi. Mimi nikaelewa kosa, nikanyamaza.

Usiku usingizi haukuja. Asubuhi nikamwendea padri, nikamweleza yote. Akacheka sana, akaniambia kwamba hata Waingereza wana college za namna nyingi. Eton College, iliyoanzishwa na mfalme Henry VI mwaka 1440, ni masomo ya vijana wa miaka 13 hata 18. Merton College, ya mwaka 1264, ni nyumba moja ndani ya universite ya Oxford: wanafunzi wanalala humo, wanakula humo, wanafundishwa humo. Na Royal College of Physicians ya London, ya mwaka 1518, ni chama cha waganga.

Baadaye, seminarini, nikajifunza mzizi wa neno hilo. Kwa Kilatini collegium ni watu waliounganika kwa kazi moja. Ndiyo maana Makardinali nao, pamoja, wanaitwa collegium. Kwanza watu, kisha nyumba.

Padri alisema: «Kosa ni la neno.» Lakini, watoto, neno lilikosa mara moja tu, kunyamaza kulikuwa kwangu. Kwa hiyo nikarudi nyumbani, nikamwambia baba ukweli. Akakaa kimya kidogo, kisha akasema:

«Haya, mwanangu. Twende tuwaambie na wengine, maana walishangilia pamoja nasi.»

Tukatembea wawili, nyumba kwa nyumba, mpaka jua likazama.