Kudanganywa kwa Kihispania

Msomaji, ukibahatika siku moja kufika Barcelona, kule Uhispania, lazima utapelekwa Las Ramblas. Ni barabara ya waenda kwa miguu, yenye miti pande mbili, iteremkayo zaidi ya kilomita moja hadi bandarini. Mwishoni upo mnara wa mita 60 uliojengwa mwaka 1888, na juu yake amesimama Christopher Columbus akinyosha kidole. Utaambiwa anaonyesha Amerika. Tazama jua linakotua: Amerika iko huko magharibi, naye kidole amekielekeza bahari ya Mediterania! Wahispania husema "las apariencias engañan", yaani sura hudanganya.

Basi hapo umeshakutana na kitenzi engañar. Usikiogope. Ile ñ yenye kiwimbi kichwani hutamkwa kama "ny" ya nyanya: en-ga-nyar. Hebu kiweke kando ya "danganya" usikie! Maneno haya hayana undugu, la kwao limetoka katika Kilatini, lakini sikio la Mswahili hulinasa mara moja. Na Wakatalani, ambao ndio wenyeji wa Barcelona, huandika kabisa enganyar, utadhani tulisoma nao darasa moja.

Matumizi yake pia si mageni. Mume atokaye nje ya ndoa anam-engañar mkewe. Anayetafuna zeituni mbili tatu kabla ya chakula anadanganya njaa, engañar el hambre.

Mimi nilijifunza kwa gharama. Mwaka 1996 nilikuta watu wamezunguka kisanduku, kijana akihamisha hamisha viberiti vitatu, kipira kidogo kikiwa chini ya kimoja. Wewe uliyepita River Road umeshacheka: pata potea. Huko wachezeshaji huitwa trileros. Nami, mtoto wa Nairobi, nikajiambia hawa wa Ulaya hawaniwezi. Bwana mmoja alishinda mara mbili mbele ya macho yangu. Nikatoa peseta 5,000, fedha yao ya kabla ya euro, na ndizo zilizokuwa za kulipia chumba. Zikaenda. Mtu akapiga mbinja, na kufumba na kufumbua kijana, kisanduku na yule "mshindi" hawapo.

Mama mwenye nyumba ya wageni alikuwa akimenya vitunguu nilipomlilia kwa Kihispania changu cha kuokoteza: "Me han engañado." Wamenidanganya.

Akaniuliza iwapo niliwahi kuuona mchezo huo. Nikasema hata kwetu upo.

Akaweka kisu chini. "No, hijo. Te has engañado tú." La, mwanangu. Umejidanganya mwenyewe.

Angalia, msomaji: sisi hutia -ji- ndani ya kitenzi, wao hutanguliza te, au me ukijisema wewe mwenyewe. Tangu siku hiyo sijakosea me hiyo.

Chumba alinipa kwa deni. Nilimlipa siku ya nne, fedha zilipofika kutoka nyumbani, naye akazihesabu mara mbili.