Kondoa: Kisima, Mtambo na Ujira wa Saidia Fundi

Barabara itokayo Dodoma kuelekea Babati ina urefu wa kilomita 251, na tangu ilipozinduliwa kwa lami mwaka 2018 imeifanya Kondoa kuwa jirani wa makao makuu ya nchi. Safari ya kilomita zipatazo 160, ambayo wazee wetu waliihesabu kuwa ya kutwa nzima, na wakati wa masika hata zaidi, sasa inamalizika kabla jua halijawa kali kwa msafiri aliyeondoka baada ya Sala ya Alfajiri.

Njiani mtu hupita Makutupora, palipo na visima virefu vinavyounywesha mji wa Dodoma. Wengi wetu hufungua bomba asubuhi tukatawadha bila kukumbuka kwamba maji hayo yametolewa katika mipasuko ya miamba chini ya ardhi. Tunakumbuka hata kidogo zaidi kwamba kila kisima kilichimbwa na watu: opareta wa mtambo, fundi mkuu, na yule ambaye jina lake haliandikwi kwenye kibao cha ufunguzi, yaani saidia fundi. Makala hii inamhusu huyo wa mwisho, na namna alivyopatikana katika kijiji kimoja cha wilaya ya Kondoa, ambako waumini wa msikiti wetu wa mjini Dodoma walichanga fedha za kisima.

Kondoa ni mji wenye historia ndefu. Misafara ya wafanyabiashara kutoka pwani ilipita hapo katika karne ya 19, na Uislamu ukaota mizizi kwa Warangi kiasi kwamba leo adhana husikika kutoka kilima hadi kilima. Mwezi Mei mwaka 1916 majeshi ya Waingereza na ya Wajerumani yalipigana katika vilima hivyo, katika vita visivyowahusu wenyeji. Upande wa Kolo kuna michoro ya kale ya miambani ambayo UNESCO iliiingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Na mjini kuna chemchemi ambayo wenyeji huitaja kwa heshima, kwa kuwa maji yake ni baraka katika nchi ya ukame.

Lakini chemchemi haiko kila mahali. Mvua za huku huja msimu mmoja tu, takriban kuanzia Desemba hadi Aprili, kisha mbingu hufunga. Ardhi nayo ina makorongo mekundu yaliyochimbwa na mmomonyoko wa miaka mingi, hata Serikali ikaanzisha mradi wa hifadhi ya ardhi, HADO, mwaka 1973. Tulipofika kijijini mwezi Septemba, mto ulikuwa mchanga mtupu. Wanawake walikuwa wakifukua mashimo mchangani na kuteka kwa kata, kidogo kidogo, mpaka dumu la lita 20 lijae. Msikitini, birika la kutawadhia lilikuwa na maji ya kiasi cha kila mtu kuosha viungo mara moja moja, na watu wazima waliwapisha wazee kwanza.

Lori la mtambo lilifika siku ya Jumatatu, likifuatiwa na jingine lililobeba kompresa na mabomba. Kibali kutoka Bodi ya Maji ya Bonde la Kati kilikuwa tayari, na mtaalamu alikwisha kupima na kuweka alama ya jiwe jeupe mahali pa kuchimba. Kilichopungua ni mtu mmoja. Saidia fundi wa kikosi alikuwa ameugua malaria na kubaki Dodoma. Fundi mkuu, Mkristo mtulivu aliyezoea kazi za vijijini, alituambia kwa ufupi: "Nipeni mtu wa siku nne. Awe na nguvu, asiwe mlevi, na akiambiwa asimame asimame."

Kamati ya msikiti wa kijiji iliketi baada ya Adhuhuri chini ya mkwaju, nami nikakaribishwa kama mjumbe wa wachangiaji. Hapo ndipo nilipoona kwamba kumtafuta kibarua mmoja wa siku nne kunaweza kuwa mtihani mzito kuliko kuchanga mamilioni.

Pendekezo la kwanza lilikuwa kwamba kazi hii ni ya Mwenyezi Mungu, basi kijana yeyote aifanye bila malipo na thawabu zake zinamtosha. Pendekezo la pili lilikuwa kumpa kazi mtoto wa ndugu wa mmoja wa wajumbe, aliyemaliza darasa la saba mwaka uliopita, mwenye umri wa miaka 16, "ili apate uzoefu." Pendekezo la tatu lilikuja kwa sauti ndogo kutoka upande wa kina mama waliokuwa wakisubiri nyuma ya ukuta. Bibi mmoja alisema: "Mpeni yule mwenye punda."

Mwenye punda ni kijana wa miaka 23, anayewalea mama yake na wadogo zake wawili tangu baba yao alipofariki. Huteka maji mbali na kuwauzia watu kwa madumu. Hakuwa na mjomba kwenye kamati. Bibi yule aliulizwa sababu, akajibu kwamba kwa miaka mitatu kijana huyo amekuwa akimletea maji, naye hayaoni vizuri macho yake, lakini siku zote idadi ya madumu imekuwa kamili. Kila dumu analoshusha huweka kokoto moja kwenye kopo mlangoni kwake, na mwisho wa wiki kokoto huhesabiwa mbele ya mjukuu wake. Haijapata kuzidi.

Nani asiyekumbuka hapo kisa cha Nabii Musa (AS) alipofika kwenye maji ya Madyan? Aliwakuta mabinti wawili wamezuia wanyama wao, akawanyweshea, kisha akarudi kivulini kumwomba Mola wake. Suratul Qasas inatueleza kwamba ni binti mmoja aliyemshauri baba yake amwajiri, kwa hoja kwamba mbora wa kuajiriwa ni mwenye nguvu na mwaminifu. Sifa mbili tu. Binti hakutaja ukoo wala urafiki. Na aliyetoa ushuhuda huo ni mwanamke aliyemwona mtu kisimani, akifanya kazi. Bibi wa kijiji kile alikuwa ametoa ushuhuda wa namna hiyo hiyo.

Kisa hicho kinajibu pia pendekezo la kwanza. Musa hakuomba malipo, aliwanyweshea kwa huruma. Hata hivyo mzee wa Madyan alimwita ili amlipe ujira wa kazi aliyoifanya, na walipokubaliana aendelee kufanya kazi, muda ulitajwa wazi: miaka minane, na kama angependa kutimiza kumi, hiyo ingekuwa hiari yake. Sadaka ni ya mtoaji. Anayejitolea nguvu zake kwa ridhaa yake, Mola ampe malipo makubwa. Lakini kumchukua kijana ambaye siku nne bila punda maana yake ni siku nne bila unga nyumbani, kisha tukaiita njaa yake sadaka, ni kumfanya maskini achangie kisima kwa nguvu huku matajiri tumechangia kwa hiari. Sote tunaifahamu Hadithi Qudsi inayowataja watu watatu ambao Mwenyezi Mungu atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama, na mmoja wao ni aliyemwajiri mtu, akapata kazi kamili, asimpe ujira wake. Kibao cha msikiti hakitamkinga mtu na kesi hiyo.

Ama pendekezo la pili, fundi mkuu alilimaliza mwenyewe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumweka mtu wa chini ya miaka 18 kwenye kazi za hatari, na mtambo ni hatari. Rodi za chuma zinazunguka, mpira wa hewa una mgandamizo mkubwa, na vumbi la mawe likiingia kifuani kwa muda mrefu huharibu mapafu. Alisema hatamkubali mtoto hata akiletwa na imamu. Mzee mmoja alinong'ona kwamba huyu asiye wa dini yetu ametuzidi katika jambo hili. Mwingine akamkumbusha kwamba Mtume (SAW) na Abu Bakr (RA) walipohama Makka waliajiri kiongozi wa njia ambaye hakuwa Mwislamu, kwa sababu aliijua njia na waliuamini uaminifu wake.

Basi aliitwa mwenye punda, na mkataba ukaandikwa kwenye karatasi ya daftari. Muda ni siku nne. Ujira ni shilingi 15,000 kwa siku, zinazolipwa jioni kabla ya Magharibi. Chakula cha mchana ni juu ya kijiji. Kofia ngumu, mabuti, glavu, viziba masikio na kitambaa cha pua vitatolewa na kikosi. Wakati wa sala ukiingia, atamaliza rodi iliyo mkononi kisha atapewa nafasi. Akiumia, matibabu ni juu ya mwajiri. Walishuhudia watu wawili. Qur'ani imetufundisha kuandika madeni, madogo kwa makubwa, bila kuchoka. Iweje tuone aibu kuandika haki ya kibarua?

Kazi ilianza Jumanne asubuhi. Nilijifunza kwamba saidia fundi si mtu wa kuchota udongo tu. Ndiye anayepaka grisi kwenye meno ya rodi, anayeziunganisha, anayesikiliza mlio wa nyundo ya hewa ikigonga mwamba chini na kumwashiria opareta mlio unapobadilika. Ndiye anayekinga vumbi linalotoka kisimani kwa kila mita moja na kulipanga chini kwa mafungu, fungu baada ya fungu, ili fundi asome tabaka za ardhi: udongo mwekundu, kisha mwamba uliooza, kisha mwamba mgumu wa kijivu. Shuka na nguo za kupepea haziruhusiwi karibu na mtambo, na kijana wetu alivaa suruali aliyoifunga kamba miguuni.

Siku ya kwanza tulifika mita 42 na vumbi lilikuwa kavu. Siku ya pili, kwenye mita ya 58, vumbi likaja na unyevu. Kwenye mita ya 76 maji yakaruka juu pamoja na mawe, watoto wakapiga kelele na wazee wakasujudu palepale vumbini. Fundi aliendelea hadi alipopata nafasi ya kutosha chini ya mpasuko wa maji, kisha akasimamisha.

Jioni ile ikaja hesabu. Malipo ya kuchimba hukadiriwa kwa mita, na kila rodi ilikuwa ya mita tatu. Daftari la kikosi lilisema rodi 31, yaani mita 93. Kijana akasema kwa adabu, "Samahani fundi, mimi nina thelathini." Akaonyesha kopo lake. Tangu asubuhi ya kwanza alikuwa akitia kokoto moja kwa kila rodi iliyoshuka, kama alivyozoea mlangoni kwa bibi. Alieleza kwamba rodi ya 17 iliingizwa, ikaonekana meno yake yamelika, ikatolewa na kuwekwa nyingine, na bila shaka zote mbili ziliandikwa. Wakaenda kuhesabu mafungu ya vumbi yaliyopangwa ardhini. Yalikuwa 90. Fundi mkuu alifuta, akaandika upya, akatia sahihi, na akampa mkono. Hapakuwa na tuhuma wala maneno makali. Mita tatu hizo zilikuwa fedha za mjane aliyetoa shilingi elfu tano Ijumaa moja msikitini kwetu, za mwanafunzi aliyetoa nauli yake, za watu ambao hawatafika Kondoa kamwe. Amana yao ililindwa na kibarua na kopo la kokoto.

Siku mbili zilizobaki zilikuwa za kushusha mabomba ya plastiki, kumwaga kokoto laini pembeni yake, kusafisha kisima kwa hewa mpaka maji yawe meupe, na kupima wingi wake. Sampuli ilipelekwa maabara, hasa kwa ajili ya madini ya floridi, ambayo katika mikoa yetu ya kati na kaskazini huwa yanazidi katika baadhi ya visima. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na yakizidi huharibu meno na mifupa ya watoto. Kijiji kilielezwa kwamba mpaka majibu yaje, maji hayo ni ya kutawadhia na kufulia tu.

Kila jioni kabla ya Magharibi kijana alihesabiwa ujira wake mkononi, na siku ya nne fundi mkuu alimuuliza kama angependa kufuatana na kikosi kwenda kijiji kinachofuata. Aliomba usiku mmoja wa kushauriana na mama yake. Asubuhi alikuja na begi dogo. Punda amekabidhiwa mdogo wake, pamoja na kopo.

Ndugu msomaji, wengi wetu hatutachimba kisima, lakini karibu kila nyumba yetu humwajiri mtu: dada wa kazi, mlinzi, dereva wa bodaboda anayewapeleka watoto madrasa, fundi wa kupaka rangi. Tuwaulize wanaowajua kabla ya kuwaangalia jamaa zetu. Tutaje ujira na muda kabla kazi haijaanza. Tuandike. Tulipe siku iliyotajwa, si siku tutakayopata nafasi. Na tusimwombe mwenye njaa atufanyie sadaka kwa niaba yetu.

Mwenyezi Mungu ayajaalie maji ya Kondoa kuwa tamu na salama, awalipe kheri waliochanga na waliochimba, na atujaalie kuwa waajiri ambao hatutadaiwa na yeyote Siku ya Hesabu. Amin.